Vibarua wa Bandani

"Chukua," yule bibi aliniambia, "ila uondoke nalo lote. Usije ukaniachia magurudumu."

Tulikuwa nyuma ya nyumba yake, Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mwezi Mei mwaka 2023, mbele ya banda la bati ambalo mlango wake ulikubali kufunguka nusu kisha ukagoma. Ndani, chini ya viti vya plastiki na maboksi ya mapambo ya Krismasi, lilikuwapo trekta la kukatia majani. Si la shambani. Ni lile dogo la uani, lenye kiti na usukani, taa mbili za mbele, na visu vilivyofichwa tumboni. Matairi yote manne yalikuwa hayana upepo. Kiti kilikuwa kimechanika na sponji lake halikuonekana. Mume wake ndiye aliyekuwa akilitumia. Aliugua, akafariki, na tangu hapo, bibi alisema, hakuna aliyeligusa.

Nilimwamini. Wiki sita zilizofuata zikanionyesha kwamba trekta lile lilikuwa limeguswa kila siku ya Mungu. Kitu kikiachwa na mwenyewe hakikai bure. Kinapata vibarua wengine, wasiolipwa na wasiopumzika, na kila mmoja anaijua kazi yake kuliko mimi ninavyoijua yangu. Kabla ya kumfukuza yeyote kati yao, sharti kwanza ujue amefikia wapi.

Nikiri kwamba sikuwa na haja kubwa nalo. Mashine ya kusukuma kwa mikono ninayo, na uwanja wangu, ingawa una mteremko, mtu mzima anaumaliza kwa saa mbili na jasho. Lakini nimekulia Kilimanjaro, mtoto wa mwanamke aliyekuwa akitoka alfajiri kushuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe, kisha akapanda nayo kichwani mlima wote. Ng'ombe mwenyewe yuko zizini kihambani, kwenye shamba la nyumbani, hatoki, anangoja kuletewa kama mgonjwa wa wodini. Kwetu jani ni chakula na lina bei. Kiangazi kikikaza watu hulinunua kwa mzigo, na mtoto aliyeuacha mzigo ukaoza kwa mvua aliyajua yatakayompata jioni. Kukata majani ili uyatupe tulikufanya shuleni tu, kwa fyekeo, na hiyo ilikuwa adhabu. Kisha nikaja nchi ambayo mtu mzima mwenye kazi yake anakaa kwenye kiti, anashika usukani, anakata majani yasiyokwenda kwa mnyama yeyote, na nyasi zake zikizidi kimo kilichowekwa, katika miji mingi, mji unamwandikia barua. Miaka yangu ya mwanzo jambo hilo lilinichekesha. Nadhani ndiyo sababu nililitaka lile trekta: nilitaka kuona jambo hilo linafananaje ukiwa juu ya kiti.

Na tangu mwanzo wake jambo hilo la kukata majani halikuhusu mifugo. Aliyebuni mashine ya kukatia majani ni Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, mwaka 1830, mtu wa eneo la viwanda vya nguo, naye aliigiza mashine iliyokuwa ikinyoa vinyweleo vya kitambaa cha sufu ili uso wake uwe laini. Bustani ilinyolewa kama shuka. Trekta nalo ni mzaliwa wa huku ninakoishi: John Froelich alitengeneza lake la petroli, lenye kwenda mbele na kurudi nyuma, kaskazini mashariki mwa Iowa mwaka 1892. Kampuni iliyotokana na kazi yake ilikaa Waterloo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwangu, mpaka John Deere walipoinunua mwaka 1918. Hata neno lenyewe "trekta" wanaosifiwa kwa kulieneza ni Hart-Parr wa Charles City, humuhumu Iowa. Basi kilichokuwa bandani kwa yule bibi kilikuwa kijukuu cha koo mbili, ya kinyozi na ya mkulima, na kazi za koo zote mbili zilikuwa zimekishinda.

Tulilivuta kwa kamba, mimi na kijana wangu. Matairi yasiyo na tyubu yakikaa miaka bila upepo huachana na rimu, na pampu inabaki kupuliza hewa ulimwenguni. Dawa yake ni kuzungushia tairi mkanda wa kufungia mizigo, kuukaza katikati mpaka kingo za tairi zitanuke zikaguse rimu, ndipo ujaze. Tairi la nne lililia kama bunduki likikaa mahali pake, bibi akatoka barazani kuangalia kama bado tuko hai.

Kibarua wa kwanza nilimkuta nilipofungua kava la feni. Injini hizi ndogo hazina rejeta wala maji. Juu ya gurudumu zito kuna mapanga ya feni yanayovuta hewa na kuipitisha kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, na hewa hiyo ndiyo inayoipoza. Nilipolifungua kava sikuyaona mapezi. Niliona sponji la kiti. Lote lilikuwa humo, limechanwa vipandevipande vyenye ukubwa uleule na kushindiliwa pamoja na majani makavu na nyuzi za kamba ya katani, mpaka nyumba ya panya imeenea kuanzia feni hadi kichwa cha silinda. Kwa macho ya fundi wa nyumba ilikuwa kazi safi. Kama ningeiwasha injini vile ilivyo, ingewaka moto au ingejichemsha ikakwama. Nilivaa barakoa na kunyunyiza maji yenye jiki, kwa sababu panya wa huku wamo wanaobeba virusi vya hanta na kinyesi chao hakifagiliwi kikavu, halafu nikachokonoa kwa kijiti cha mshikaki mchana kutwa.

Ndani ya kava hilo ndipo nilipokutana na mwenye mali. Alikuwa akiandika tarehe za kubadilisha oili kwa wino mweupe wa rangi, moja chini ya nyingine, mwezi kwanza siku baadaye kama Wamarekani waandikavyo. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2004. Kila mwaka una mstari wake, miaka mingine miwili, herufi zimenyooka kama za karani. Mstari wa mwisho ni wa 2016. Chini yake palibaki nafasi ya kutosha mistari mingine kumi.

Kibarua wa pili ni maji, na huyu alifunguliwa mlango na mwingine. Tarehe 10 Agosti 2020 mji huu ulipigwa na dhoruba ya upepo ambao wataalamu waliukadiria kufikia kilomita 225 kwa saa. Iling'oa miti mingi kiasi kwamba hadi leo kuna mitaa inayoonekana kama mtu aliyenyolewa akiwa usingizini. Paa za majengo ya kupanga ziliezuliwa, na kati ya waliolala nje kwenye mahema siku zile walikuwamo wakimbizi wa kutoka Afrika ya Kati, watu waliodhani wameshamaliza habari za mahema. Banda la bibi lilipoteza bati moja tu. Lakini bati hilo lilikuwa juu kabisa ya trekta, upande wa betri, na tone moja kwa wakati, karibu miaka mitatu ya mvua na theluji, lilitosha. Sahani ya betri ilikuwa imeliwa ikawa kama wavu. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chesisi, ulionekana mzima. Nilipoushika bolti ikabaki mkononi mwangu.

Wa tatu aliingia kwa kualikwa, tena kwa kununuliwa. Petroli inayouzwa sana huku ina asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli hiyo inatoka kwenye mahindi. Hakuna jimbo la Marekani linaloitengeneza kwa wingi kama Iowa. Ukitoka nje ya mji huu kwa upande wowote unakutana na mahindi, na unaendelea kukutana nayo mpaka uchoke kuyatazama. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikiyaangalia kwa jicho la unga. Nikawa nahesabu magunia, nahesabu shule za bweni ambazo zingekula ugali wa shamba moja kwa mwaka mzima, mpaka rafiki yangu aliponieleza kwamba sehemu kubwa ya mahindi yale hayatafika kwenye sufuria ya mtu. Yanakwenda kwa nguruwe na ng'ombe, na mengine mengi yanachemshwa yawe kileo cha magari. Sasa kileo hicho kina tabia moja: kinapenda maji. Kikikaa kwenye tangi kinayavuta kutoka hewani, na maji yakizidi, vyote viwili vinaachana na petroli na kushuka chini, mahali hasa ambapo mpira wa mafuta unaanzia. Petroli iliyobaki nayo inapoteza wepesi wake na kuacha utomvu wa rangi ya chai ya rangi.

Kabureta niliifungulia mezani jikoni, juu ya gazeti, mke wangu akiwa kazini. Kikombe chake cha chini kinashikwa na bolti moja. Ndani palikuwa na unga mweupe na kijani kama chumvi iliyomwagikia shaba, na katikati ya unga huo floti ilikuwa imesimama haipandi wala haishuki. Jeti kuu ni kitobo kisichozidi unene wa sindano ya kushonea. Nilikishika kuelekea dirishani sikuona mwanga. Nilichomoa unywele mmoja wa waya kwenye brashi ya chuma nikauzungusha kwa vidole, taratibu, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na ukiikwangua umeipanua, na ukiipanua umeiharibu kwa namna isiyorudi. Ilichukua muda wa kupika maharage. Kisha nukta ya mwanga ikatokea, ndogo kuliko nukta unayoisoma hapa, na nilifurahi kupita kiasi ninachoweza kukitetea.

Floti ile iliyokwama ilikuwa na dhambi nyingine. Ilikuwa imekwama chini, sindano yake haikuziba, kwa hiyo kabla tangi halijakauka petroli ilikuwa imepenya polepole kupitia silinda mpaka kwenye oili. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakinusa: kilinuka kama mtungi wa kituo cha mafuta, na kipimo kilikuwa juu ya alama ya kujaa. Anayepiga stata bila kunusa kijiti anazungusha injini ndani ya oili iliyogeuka maji. Nilimwaga yote, nikatia mpya lita moja na nusu kasoro kidogo, na nikawaza kwamba yule bwana angekuwa na tarehe ya kuandika.

Mpaka hapo niliwajua vibarua wangu na nilijiona fundi. Nilinunua betri, nikatengeneza waya mpya wa ethi, nikakwaruza kutu hadi chuma king'ae, nikapiga stata. Injini ilizunguka nusu, ikasimama, kama mtu aliyegonga dari. Nikarudia. Nusu, ikasimama. Nikasafisha terminali, nikachaji betri usiku kucha, nikarudia: palepale. Nilianza kuiangalia stata kwa jicho baya, na nilikuwa nimeshajua bei ya nyingine.

Nilimpigia rafiki yangu, yeye ni wa Bukavu, Kongo, alikuwa akitengeneza pikipiki huko na sasa anafanya zamu ya usiku kiwandani. Kiswahili chetu kinaelewana isipokuwa kwenye vyuma. Mimi nasema plagi yeye anasema buji, mimi petroli yeye esansi, maana mimi vyuma nilifundishwa na Waingereza na yeye na Wabelgiji, kila mmoja kupitia babu yake.

"Inazunguka halafu inagoma?" aliuliza.

"Inagoma."

"Kila mara ni palepale?"

"Palepale."

"Toa buji, uzungushe bila buji."

Nilitoa. Stata ikazungusha injini kama cherehani.

"Basi kaka, usinunue kitu. Stata yako ni nzima. Fungua kichwa, uangalie supape."

Supape, nilikuja kutambua, ni valvu. Na jambo alilonifundisha asubuhi ile kwa simu, akiwa bado na nguo za kazi, nimelisimulia kwa watu wengi kuliko walioniuliza. Injini ya silinda moja ikiwa na mgandamizo wake wote ni nzito mno kwa stata ndogo. Kwa hiyo waliounda wameweka ujanja: kwenye kemshafti kuna kinundu kidogo sana ambacho, wakati wa kuwasha tu, kinainyanyua valvu moja kwa kiasi kisichoonekana, ili pumzi kidogo itoke na pistoni ipite juu bila kupigana. Injini ikishika kasi kinundu kinajificha. Sasa kila valvu ina nafasi yake kati ya shina na mkono unaoisukuma, na nafasi hiyo inapimwa kwa sehemu za kumi za milimita. Saa nyingi za kazi huilegeza. Ikilegea kupita kiasi kinundu kinasukuma hewa tupu, valvu hainyanyuki, pumzi haitoki, na stata nzima yenye betri nzima inafika juu na kukwama.

Nilifungua bolti za kava la kichwa. Nikapenyeza mrija wa soda kwenye tundu la plagi, nikazungusha injini kwa mkono mpaka mrija ukapanda juu kabisa, kisha ukashuka kidogo, kama milimita sita, maana hapo ndipo kinundu hakimo. Fila geji, kibati cha kupimia nafasi, ya unene wa mia na hamsini ya elfu ya milimita ilipita chini ya valvu ya moshi ikiwa imelala. Ilipita ya mia mbili. Ilipita ya mia tatu. Nililegeza nati, nikakaza skrubu ya katikati mpaka ile ya kwanza ikawa inapita kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kikombe, nikashikilia, nikakaza nati. Nikafanya hivyo kwa valvu ya pili, yenye nafasi ndogo zaidi. Nikarudisha plagi. Stata ikaivusha pistoni juu bila hata kusita.

Niliketi chini kwenye nyasi. Kwa sababu sasa niliona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu wiki tatu: stata ya trekta lile ilikuwa mpya. Si mpya kabisa, lakini chuma chote kilichoizunguka kilikuwa na rangi ya kutu na yenyewe bado ilikuwa nyeusi, na bolti zake mbili ziling'aa. Na bandani, nyuma ya maboksi ya Krismasi, tulikuwa tumekuta betri mbili, moja ikiwa bado na lebo yake.

Nilimwuliza bibi jioni ile, kwa kupitapita. "Ndiyo," alisema, "mwaka ule wa mwisho lilimsumbua sana. Alilinunulia kitu, akalinunulia kingine, halikusikia. Akasema atalifanyia kazi akipata nguvu."

Kwa hiyo panya hawakuwa wa kwanza, wala maji, wala mahindi. Wote hao walikuja kazini wakakuta mlango uko wazi. Aliyeufungua hakuwa kibarua wa kuachwa, alikuwa ni kazi yenyewe: majira kumi na matatu ya kukata majani kwa utaratibu, oili ikibadilishwa kwa tarehe, na nafasi ikiongezeka unywele baada ya unywele pale ambapo yule bwana, mwangalifu vile, hakuwahi kufungua. Bolti chache na dakika ishirini. Alitibu betri, alitibu stata, kwa sababu kinachosikika kikigoma ndicho tunachokishuku, na mwili wake mwenyewe ukamwita kwingine.

Je, nimwambie? Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa na bado sijui kama nilifanya sawa. Upande mmoja, ni habari ya chuma tu. Upande wa pili, ni kumwambia mjane kwamba kitu kilichomkera mume wake mwaka wake wa mwisho kilikuwa cha kurekebishwa kwa spana, asubuhi moja, na mtu wa kumwuliza. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba zilikuwa valvu, naye akaitikia kwa kichwa, namna tunavyoitikia majina ya magonjwa.

Nami nina la kujisitiri. Nyumbani, kwenye kibanda cha nyuma, iko mashine ya mkono ya kumenyea kahawa aliyoiacha baba. Bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliisukuma ukutani akasema itangoja. Mara ya mwisho nilipokwenda, kuku alikuwa akitagia kwenye mdomo wake, nikapiga picha nikacheka. Sikugusa hata bolti.

Trekta liliwaka Jumamosi ya pili ya Juni, kwa moshi mweupe uliofunika ua wa jirani, likanguruma dakika moja, halafu likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtu anayesinzia mkutanoni na kujishtua. Nilijua: kabureta tena. Nilikuwa nimezibua jeti kuu nikamsahau mdogo wake, ule mfereji wa sailensa, wa injini ikinguruma bila kazi. Kuishusha mara ya pili kulichukua robo ya muda wa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo faida pekee ya kukosea ninayoijua.

Liliposimama sawa likagoma kwa namna mpya. Kila nilipoingiza visu, injini ilizimika. Hiyo ni swichi ya kiti. Mashine hizi zimewekewa swichi ili mtu akiinuka au akianguka wakati visu vinazunguka, kila kitu kizime. Waya zake chini ya kiti zilikuwa zimeota ukungu wa kijani na zilikuwa zinaapa kwamba sikukaa. "Kata, unganisha moja kwa moja, maisha yaendelee," alisema rafiki yangu wa Bukavu, na nikiri niliunganisha, kwa mchana mmoja, ili nijue kama tatizo ndilo hilo. Ndilo lilikuwa. Lakini ncha ya kisu cha mashine hii inakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, na nina kijana anayependa kurukia vitu. Nilinunua plagi mpya ya swichi nikaifunga ipasavyo. Ni katika mambo machache ambayo sikutaka kuwa mjanja.

Visu nilivinoa kwa tupa, na kila kimoja nikakitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati kuona upande gani ni mzito. Mkanda ulikuwa umepasukapasuka, nikanunua mwingine. Beringi moja ya visu bado inanguruma na najua kabla ya vuli itanidai.

Uwanja wa kwanza kuukata ulikuwa wa bibi. Alisimama barazani amekunja mikono. Nilipozima akaniambia, "Lilikuwa halipigi kelele hivi." Ni kweli. Silensa imetobolewa na kutu. Nikamwambia nitaitafuta nyingine, akasema hakuna haraka, halafu akasema mume wake hakuwahi kumruhusu alikalie. Niliteremka. Akapanda, akashika usukani, injini ikiwa imezimwa, akakaa kidogo akitazama mbele kuelekea kwenye uzio. Akateremka akaingia ndani.

Kwangu nyasi zilikuwa zimefika magotini, na kwa kuwa zilikuwa ndefu mno, nilipozikata zililala juu ya uwanja ikanibidi nizikusanye kwa reki. Nilikuwa katikati ya lundo saa tano asubuhi, kwa mama ni saa moja usiku, nikampigia kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeloa? Na hilo gari ni la nani?"

"Ni langu mama. Ni la kukatia majani."

"Unakaa juu yake?"

"Nakaa."

Alinyamaza. "Nionyeshe hayo majani."

Niliigeuza simu. Aliyaangalia kwa muda, uso wake umesogea karibu sana na kioo, namna alivyokuwa akikagua mzigo wa mtu sokoni kabla ya kutaja bei.

"Mabichi?"

"Mabichi, ya leo."

"Hiyo ni mizigo minne," alisema. "Minne na zaidi. Na mnampa nani?"

Nikamweleza kwamba kuna pipa lake, na kwamba lori la mji huja siku yake, likayachukua kwenda kuyageuza mboji.

"Hata mbuzi hamna?"

"Hata mbuzi."

Akageuka kando. Nikamsikia akimwambia mtu humo ndani, kwa Kichaga na kwa sauti ya chini kama ya kuficha aibu ya familia, kwamba ninayo mizigo minne ya majani mabichi na sina ng'ombe.